Mwenyekiti au mtendaji: uanze kwa nani?

Huku Ileje, wilaya ya milima iliyotoka Mbeya kuingia mkoa mpya wa Songwe mwaka 2016, wageni huwachanganya hawa wawili. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka 5, hana mshahara, na ni mtu wa hapahapa: ugomvi wa mpaka atausikiliza kwa Kindali au Kimalila, na bibi asiyejua Kiswahili akaeleweka. Mtendaji ameajiriwa, pengine katoka Mwanza. Ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji, na muhtasari huuandika kwa Kiswahili. Barua ya utambulisho? Nenda kwa mtendaji. Mpaka wa shamba? Mimi ningemwahi mwenyekiti alfajiri, kabla hajaenda kukatia ng'ombe majani.