Meli ya bei nafuu kutoka Durban: maoni yangu kwa anayetokea Lubumbashi

Nianze na alama, maelezo yafuate. Safari fupi za meli zinazotoka Durban, kuelekea pwani ya Msumbiji na kurudi, nazipa nne kwa tano. Sharti ni moja: uipande meli kwa ajili ya kupumzika, si kwa ajili ya kuona nchi. Anayetaka kutembelea miji achukue basi. Hapa unalipia kitanda safi, chakula ambacho hukupika, bahari pande zote, na ruhusa ya kukaa bila kufanya lolote. Alama moja nimeikata kwa sababu ya bei. Ile inayotangazwa ni mlango tu, na sisi wa Lubumbashi tuna milango mingine mitatu ya kupita kabla ya kuufikia: viza, ndege na hoteli.

Msimu wake huanza Novemba hivi na kuishia Machi au Aprili, yaani wakati mvua inanyesha kwetu Katanga. Desemba shule zikifungwa bei inapanda, na Pasaka vilevile. Nafuu inapatikana mwanzoni mwa Novemba, na kuanzia katikati ya Januari watoto wa Afrika Kusini wakirudi darasani. Ila ujue kwamba Januari hadi Machi ndiyo miezi ya vimbunga katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Kimbunga kikitokea nahodha anabadilisha njia, na mkataba unamruhusu. Unarudishiwa ushuru wa bandari isiyofikiwa, si nauli.

Hesabu iko hivi. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja katika kabini ya watu wawili, tena kabini ya ndani isiyo na dirisha. Juu yake kuna ushuru wa bandari, kuna bima, na kuna malipo ya huduma ya kila usiku, ambayo kwa kampuni nyingi ni kati ya dola 10 na 20 kwa mtu mzima. Tuseme 15: watu wawili kwa usiku 4 ni dola 120, na zinakatwa kwenye akaunti yako ya melini hata kama hukuagiza soda moja. Msafiri wa peke yake ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu kitanda cha pili kinalipiwa hata kikiwa kitupu. Kinyume chake, kitanda cha tatu na cha nne, vile vinavyoshuka kutoka ukutani, huwa rahisi sana, na watoto wanaolala na wazazi mara nyingi hulipiwa ushuru tu. Familia ya watu wanne katika kabini moja ndiyo inayopata bei nzuri kuliko wote, mradi wavumilie kupokezana bafu lenye upana wa kabati la nguo.

Ukiulizwa usiku 3 au 4, chukua 4. Viza, ndege na hoteli ni zile zile, kwa hiyo kila usiku unaoongeza unashusha wastani wa gharama kwa usiku. Halafu kwenye ile ya usiku 3 siku ya kupanda na asubuhi ya kushuka hazihesabiki. Kinachobaki ni siku ya kisiwani na safari ya kurudi, na bahari ikichafuka siku ya kisiwani umebaki na nusu.

Kuhusu ajansi za mjini: wengi hukupa bei ya jumla kwa mdomo. Dai karatasi inayotenganisha nauli, ushuru wa bandari, bima na malipo ya huduma, pamoja na tarehe ya mwisho ya kufuta safari bila kupoteza feza. Kadiri tarehe ya kuondoka inavyokaribia ndivyo wanavyobakiza zaidi, na wiki za mwisho hurudishiwi kitu. Toa avansi tu mpaka viza itoke.

Na viza ndipo safari nyingi zinapofia. Pasipoti ya Kongo inahitaji viza ya Afrika Kusini. Meli ikiondoka Durban umetoka nchini, ikirudi unaingia upya, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haifai. Omba ya kuingia mara nyingi, na uambatanishe uthibitisho wa meli wenye tarehe zote mbili ili anayesoma faili aone sababu mwenyewe. Weka hati za benki za miezi 3, atestasioni ya kazi au karatasi za biashara, na mahali utakapolala Durban. Msumbiji nayo ina masharti yake. Iulize kampuni ya meli kwa maandishi, ukitaja kwamba wewe ni Mkongomani, kwa sababu majibu ya jumla unayoyakuta kwenye matangazo yameandikwa kwa ajili ya wenye pasipoti ya Afrika Kusini.

Kadi ya njano ya homa ya manjano haina mjadala, na chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kusafiri. Anayekuuzia muhuri mpya kwa kuwa miaka 10 imekwisha anakula feza yako bure: tangu 2016 cheti kinatambuliwa kwa maisha yote. Mama mwenye mimba ya wiki 24 au zaidi atakataliwa na karibu kila kampuni, na mtoto wa chini ya miezi 6 vilevile. Hilo lijulikane kabla ya kulipa, si mbele ya meza ya kupandia.

Safari ya kufika si ngumu. Lubumbashi hadi Johannesburg ni chini ya saa tatu angani, na saa ya Durban na ya melini ni ile ile ya kwetu, kwa hiyo mwili hausumbuki. Johannesburg hadi Durban kuna ndege ya saa moja hivi, au basi kwa barabara ya N3, kilomita 570 hivi, siku nzima ukihesabu kusimama. Basi linapunguza gharama sana kwa familia. Njia yoyote utakayochukua, fika Durban siku moja kabla. Foleni ya uhamiaji Johannesburg haina huruma na mwenye ndege ya kuunganisha, na meli ikifunga mlango, saa moja na nusu au mbili kabla ya kuondoka, haifunguliwi tena. Kuifuata meli huko mbele kwa gharama yako haiwezekani na viza uliyonayo.

Kituo cha meli kiko mtaa wa Point, karibu na uShaka, ile bustani ya michezo ya maji na samaki. Lala upande huo na asubuhi utalipa teksi ya dakika chache tu. Durban ina Wakongomani wengi, na Kiswahili au Kifaransa utavisikia barabarani, hivyo kuuliza njia si shida. Uwanja wa ndege wa King Shaka uko kaskazini, kilomita 35 hivi kutoka mjini, usije ukapanga muda kana kwamba uko jirani.

Sasa kabini, ambayo ndiyo uamuzi mkubwa kuliko yote. Kuna bei ya chini ambapo kampuni inakupangia namba yenyewe siku za mwisho. Ni nafuu kweli, lakini ndiyo inayokupeleka puani mwa meli. Mimi ningelipa tofauti ile ndogo ili nichague namba mwenyewe, ghorofa ya chini, katikati ya urefu wa meli. Ncha mbili ndizo zinazopanda na kushuka zaidi, na juu ndiko kunakoyumba zaidi. Katikati chini ndipo pametulia, na bahati nzuri ndipo palipo rahisi. Halafu fungua ramani ya ghorofa na uangalie kilichopo juu yako na chini yako. Uwe na kabini juu na kabini chini. Chini ya mkahawa utasikia viti vikiburutwa alfajiri. Juu ya ukumbi wa muziki sakafu inatetema hadi usiku wa manane. Puani kabisa, siku ya kisiwani, mnyororo wa nanga unashuka na kelele ya chuma kwenye chuma inayoamsha hata aliyekunywa.

Kabini ya ndani ina mita za mraba 13 au 14, na taa zikizimwa ni giza la pangoni. Meli nyingi zina kituo cha televisheni kinachoonyesha kamera ya mbele. Kiache wazi bila sauti usiku kucha. Kutakapopambazuka baharini, chumba kitapambazuka nacho, na umeokoa tofauti ya bei ya dirisha. Prizi za melini kwa kawaida ni za duara mbili kama za kwetu, lakini Durban zinatumia pini tatu nene, kwa hiyo adapta ni ya hoteli, si ya meli. Pasi ya nguo, birika la umeme na rallonge (waya wa kurefusha umeme) vitachukuliwa kwenye ukaguzi na kurudishwa siku ya kushuka. Pombe vivyo hivyo.

Bahari yenyewe. Pwani hii ina mkondo wa Agulhas, maji ya moto yanayoshuka kwa kasi kuelekea kusini-magharibi. Upepo ukivuma kutoka huko huko kusini-magharibi unagongana uso kwa uso na mkondo, mawimbi yanakuwa mafupi na wima, na hata meli ya ghorofa zaidi ya kumi inayumba. Usiku wa kwanza ndio wa kujihadhari, maana mnatoka bandarini jioni na kuingia humo moja kwa moja. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja au mbili kabla ya kung'oa nanga. Ukishaanza kutapika haina tena nafasi ya kufanya kazi. Inaleta usingizi, basi usichanganye na bia. Tumbo lisiwe tupu: mkate mkavu, wali mweupe, tangawizi. Ukizidiwa nenda nje, katikati ya meli, utazame upeo wa bahari, usitazame simu.

Tukizungumzia simu: iweke kwenye hali ya ndege kabla meli haijatoka bandarini. Meli ina mtandao wake wa setelaiti, laini yenye roaming itaudaka yenyewe, na salio la mwezi litakwisha kwa ujumbe wa WhatsApp wa dakika tano. Intaneti ya meli inauzwa kwa pakiti, bei kali. Mimi naona usiku 4 bila intaneti ndiyo likizo yenyewe.

Chakula ni kingi, si cha ajabu. Mkahawa wa kujihudumia una foleni mbaya kati ya 12:30 na 13:30. Ukumbi wa kuketi mezani ni wa nauli ile ile, umetulia, na watu wengi hawaujui kwa chakula cha mchana. Maji na kahawa vipo bure kwenye mkahawa wa kujihudumia, lakini chupa ukiletewa mezani unalipia. Pakiti ya vinywaji haina maana kwa asiyekunywa angalau tano au sita kwa siku, na mara nyingi wanawalazimisha watu wazima wote wa kabini moja kuichukua. Bukari, ugali wetu, haipo. Anayeona hajala bila bukari ashibe pap, ugali wa Durban, kabla. Pilipili yako ya chupa iliyofungwa vizuri iende ndani ya valizi, samaki mkavu abaki nyumbani. Michezo na maonyesho ya usiku sina la kusema, yapo.

Kituo cha kawaida ni Portuguese Island, kisiwa kisicho na wakazi karibu na Inhaca, mbele ya ghuba ya Maputo. Hakuna gati. Meli inatia nanga mbali na watu wanashushwa kwa boti ndogo. Wimbi likiwa kubwa zoezi linafutwa, hata kama jua linawaka, kwa sababu tatizo ni ule mlango wa kuingilia botini: boti inapanda na kushuka nusu mita ubavuni mwa meli, na mabaharia wawili wanakushika mikono kwenye viwiko. Usiruke. Subiri boti ipande ilingane na mguu wako, kisha hatua moja, mikono mitupu, kila kitu kwenye begi la mgongoni. Wazee na wenye magoti mabovu waamue kabla ya kupanga foleni. Chukua boti za kwanza kwenda na usingoje ya mwisho kurudi. Kivuli ni haba, kwa hiyo kofia na mafuta ya jua si anasa. Randi ndogo ndogo zinatosha kwa vinyago na vinywaji.

Mwisho, akaunti. Melini hakuna anayepokea feza mkononi. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya kabini, nawe unaiunganisha na kadi ya benki au dhamana taslimu. Kadi za malipo ya kabla za benki zetu hukubaliwa au kukataliwa bila mpango, na zikikubaliwa kiasi kinazuiliwa kwa siku kadhaa hata baada ya kushuka, kwa hiyo usiweke humo feza ya teksi na hoteli ya kurudi. Dhamana taslimu ni safi zaidi, ila ukitoa dola ziwe bila mpasuko wala maandishi, kama vile tunavyobishana nazo kwa wachenji wa Lubumbashi. Pitia karatasi ya matumizi siku moja kabla ya kushuka, kabla ya chakula cha jioni. Usiku wa mwisho mapokezi panajaa, na kosa la chupa moja ya maji kwenye hesabu linakugharimu saa nzima ya kusimama. Valizi zinawekwa nje ya mlango usiku huo, lakini pasipoti, dawa, kadi ya njano na nguo za kesho zibaki nawe. Ndege ya kutoka Durban iwe baada ya 14:00, kwa kuwa upepo unaweza kuifanya meli isubiri nje ya mdomo wa bandari, na ya Lubumbashi ichukue ya kesho yake.