Fundi kanzu wa Ngamiani, anachelewesha ila ana adabu zake

Wadau wa Tanga mnaotafuta fundi kanzu kabla ya Idi, huyu mzee wa Ngamiani mie nampa nyota 4. Hana bango wala hayupo Instagram, ukifika karibu na soko uliza tu utaonyeshwa. Kazi safi, darizi ya shingoni kaishona kwa mkono na imekaa sawasawa, kwapani haibani, bei ya kawaida. Nyota moja nimeikata kwa kuchelewesha, na anachelewesha kweli.

Sasa huko kuchelewesha ndo kulinionyesha mtu mwenyewe. Nimekaa nasubiri yangu akaingia kijana kafura, kanzu ya harusi haijaisha, akaanza kumporomoshea mzee maneno mpaka vijana wa cherehani wakainuka. Mzee akawaambia mwacheni, ana haki yake, akamvutia benchi, "kaa kitako mwanangu." Yaani palepale nikakumbuka ile hadithi ya madrasa, ipo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, ya bwana aliyemdai Mtume (s.a.w.) ngamia wake kwa maneno makali, masahaba wakataka kumvaa, Mtume akawakataza akasema mwenye haki ana la kusema, kisha akaamuru alipwe na akapewa ngamia bora kuliko wake. Na hilo la kumkalisha nalo tumefundishwa, ukighadhibika umesimama ukae, isipotoka ulale (ingawa pale kwa mzee sijui ungelala wapi, vitambaa mpaka mlangoni).

Msidhani ni mnyonge lakini. Kijana alipotaka arudishiwe hela zote na kitambaa kishakatwa, mzee alikataa, akampunguzia salio akakaa kuimaliza siku ileile. Qur'ani haikudai uonewe, inakuruhusu kulipa ubaya kwa mfano wake tu, ila anayesamehe ujira wake uko kwa Allah, na kuvuka mipaka kumekatazwa hata vitani. Na sisi wateja tujiangalie jamani, Mtume kamuombea rehema mtu mpole anapouza, anaponunua na anapodai, hapo kwenye kununua na kudai ndo wengi tunaparuka.

Kitambaa nendeni nacho, vya kwake vichache na rangi ni zilezile. Na pelekeni mapema, sio mnamfata kumi la mwisho la Ramadhani. Risiti hana, anaandika kwenye daftari, hakikisha jina lako limo.