Pampu ya mkono ya shilingi 35,000: kazini Mjini, safarini Pemba

Mama mwenzangu unayerudi kazini baada ya likizo ya uzazi na unataka mtoto aendelee kunywa maziwa yako, nunua pampu ya mkono ya kukamulia, ile ya kawaida, na pesa itakayobaki itie kwenye vitu vya kuyaweka maziwa kwenye baridi. Hapa kwetu kazi kubwa iko kwenye baridi. Maziwa kuyatoa kutawezekana tu. Kuyafikisha nyumbani yakiwa salama, katika jua hili, ndiko kunakotaka matayarisho. Naitumia pampu hii tangu mwanangu ana miezi mitatu. Sasa ameshaota meno, anakula uji na ndizi za kuponda, na bado namkamulia.

Niliinunua Darajani, hapa Mjini Unguja, kwenye maduka ya vitu vya watoto. Mwenye duka alianza na 45,000, tukamalizana kwa 35,000. Boksi halina jina la kampuni ninayoijua. Ndani mna mkono wa kubinyia, faneli ya plastiki yenye silikoni laini kwa ndani, chupa ya mililita 150, kifuniko, na chuchu ya chupa ambayo sijawahi kuitumia. Rafu ya juu zilikuwapo za umeme, kuanzia laki moja na ishirini. Wifi yangu anayo moja ya namna hiyo na anaipenda sana, inakamua maziwa yote mawili kwa pamoja huku yeye anasoma Qur'ani kwenye simu. Lakini wifi yangu anashona nyumbani. Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, leo niko ofisini Mjini, wiki ijayo niko Chake au Wete, kule Pemba, na kila ninakokwenda sijui kama nitakuta soketi karibu, au kama umeme utakuwapo. Pampu ya mkono haiulizi hayo. Na haina mlio. Ukikamua chumba cha pili, aliyeko nje hasikii kitu.

Matumizi yake hayana ugumu, ila yana utaratibu. Unaiweka faneli chuchu ikae katikati ya tundu, isikwaruze pembeni. Mwanzo unabinya mfupi mfupi kwa haraka, kama mtoto anavyonyonya anaposhika ziwa, dakika moja au mbili. Kisha unahisi ziwa linachoma kidogo kwa ndani, matone yanaanza kufuatana, halafu yanakuwa mstari mwembamba unaogonga ukuta wa chupa. Hapo unabadilisha: unabinya taratibu, unashikilia kidogo, unaachia. Ikiuma, simama. Maumivu mara nyingi maana yake ni faneli haikutoshi, imebana sana au imepwaya, na kubinya kwa nguvu zaidi hakuongezi maziwa, kunaumiza tu. Yangu ni ya milimita 24 na imenikaa vizuri. Mwenzangu mmoja ilimbidi atafute kubwa zaidi.

Kinachoshusha maziwa ni homoni ya oksitosini, na hiyo hofu na haraka huizuia. Nimeliona hili kwa macho yangu. Siku ambayo ripoti inatakiwa saa nane na mkuu ameshapiga simu, nabinya na chupa inabaki kavu. Nikifungua video ya mwanangu anacheka na paka wa jirani, yanashuka. Kwa hiyo sasa simu iko mkononi kabla ya pampu. Nafunga macho, naweka kitambaa cha moto juu ya ziwa kama maji ya moto yapo, nasugua kwa vidole kutoka juu kuelekea kwenye chuchu, ndipo naanza.

Kwa mkamuo mmoja napata kati ya mililita 80 na 120, asubuhi zaidi, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa huwa juu usiku. Nawaambia hivi kwa kuwa wapo wanaokata tamaa wakiona nusu chupa. Mtoto wa mwezi mmoja mpaka sita kwa wastani hunywa kama mililita 750 kwa usiku na mchana mzima. Kwa zile saa nane ulizokuwa kazini anahitaji sehemu tu ya hizo, na ukirudi ziwa lako liko pale pale.

Kasoro ya pampu hii ni moja, na ni kubwa. Chini ya faneli, pale inapokutana na chupa, kuna kipande cha silikoni cheupe, ukubwa wake ni ukucha wa kidole gumba, chenye mdomo unaofunguka maziwa yakishuka na kujifunga ukibinya. Nguvu yote ya pampu iko kwenye mdomo huo. Baada ya miezi ya kuoshwa na kuchemshwa, mdomo hulegea au kuchanika kidogo sana, hata huoni mpaka ukivute kwa vidole mbele ya mwanga. Hapo unabinya, na hewa inapita tu. Dada mmoja wa ofisini alifikiri maziwa yake yamekauka, ameshanunua kopo la maziwa ya unga, analia. Tukakiangalia kipande chake, kimechanika. Nimezunguka Mlandege na Mkunazini kutafuta kipande hicho peke yake, kila duka linauza pampu nzima. Mwisho kaka yangu aliniletea viwili kutoka Kariakoo, elfu tatu kila kimoja. Ukinunua pampu ya aina hii, agiza kipande cha akiba siku hiyo hiyo.

Sasa mahali pa kukamulia. Ofisini kwetu hakuna chumba cha kunyonyeshea, na jawabu la kwanza nililopewa ni kwamba choo kipo. Nilikasirika na bado nimekasirika. Hicho ni chakula cha mtoto, na hakuna aliyeko humo ndani angekubali chai yake ipikwe chooni. Aliyeniokoa ni bibi wa masijala, mtu mzima anayekaribia kustaafu. Alinivuta pembeni akanipa ufunguo wa stoo ya mafaili. "Ingia humu mwanangu, ufunge kwa ndani. Mimi wangu wote wamekunywa ya kopo, hapakuwa na pa kukamulia." Tukatundika kanga kwenye dirisha, nikaweka kiti, na tangu hapo kila mtu anajua saa nne na saa saba stoo ina mwenyewe. Hata wanaume wanaotaka faili wanasubiri. Kilichohitajika kilikuwa ufunguo, kiti na kanga moja, na ofisi yoyote ya Mjini inavyo vitu hivyo.

Baridi, kama nilivyosema, ndiyo kazi yenyewe. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ambao ndio ninaoufuata, unasema maziwa yaliyokamuliwa yanakaa kwa muda usiozidi saa 4 kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, mpaka siku 4 kwenye friji, na kwenye friza vizuri zaidi ni ndani ya miezi 6. Stoo yetu ya mafaili wakati wa kaskazi haijui nyuzi 25, joto linapita 30 na kiyoyozi hakuna. Kwa hiyo sizihesabu zile saa 4 kabisa. Chupa ikifungwa tu inaingia kwenye kibegi cha baridi, kile chenye karatasi ya fedha ndani, nilichonunua 28,000 pamoja na pakiti mbili za jeli za kugandisha. Pakiti zikiwa zimeganda kwelikweli usiku kucha, kibegi kinayahifadhi maziwa mpaka saa 24. Pakiti zikikosekana, chupa ndogo za maji ya kunywa zilizogandishwa zinafanya kazi ile ile. Barafu za vifuko zinazouzwa mitaani sizipendi kwa kazi hii, zinayeyuka, maji yanajaa kibegini na wino wa tarehe niliyoiandika kwenye chupa unafutika. Tarehe na saa lazima uandike.

Kutoka kazini napanda daladala, 502 ya Bububu, na foleni ikiwapo kibegi kinakaa mapajani, hakiendi chini ya kiti penye joto la injini.

Nyumbani mtoto analelewa na mavyaa wangu. Siku za mwanzo alikuwa na wasiwasi. Maziwa yakikaa kwenye friji mafuta hupanda juu na chini hubaki maji ya rangi ya samawati, na yeye aliona yamekatika akataka kuyamwaga. Tulikaa pamoja, nikamwonyesha: unaitia chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, unaizungusha polepole, yanachanganyika yanarudi kama yalivyokuwa. Jikoni hatuyachemshi kamwe. Yaliyogandishwa wakati mwingine yana harufu kidogo ya sabuni, kwa sababu ya kimeng'enya kinachovunja mafuta, na hayana madhara. Mavyaa ndiye aliyekataa chupa na chuchu ya plastiki. Anamnywesha kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo vya udongo, mtoto ameketi wima mapajani, kikombe kimegusa mdomo wa chini, analamba mwenyewe kwa kasi yake. Ninaunga mkono kwa moyo wote. Kikombe kinaoshwa kikatakata, na mtoto hachanganyi chuchu mbili.

Safari ya Pemba ndiyo iliyonithibitishia kuwa sikukosea kuchagua ya mkono. Nakamua nyumbani alfajiri kabla ya kwenda Malindi, lakini kwa kusubiri boti, kupakia na mwendo mpaka Mkoani, ziwa linafura. Kwenye mkondo wa Nungwi boti inapiga, abiria wanatapika, huwezi kusimama. Nakaa kiti cha ukutani, pampu inaingia ndani ya buibui, mkono mmoja unabinya, mwingine umeshika kiti cha mbele. Mlio wa injini umefunika kila kitu. Aliyekaa karibu nami safari moja, bibi wa Wete, alitambua akanisogezea mtandio wake bila ya kusema neno, kisha akanipa kipande cha tangawizi nitafune. Bandarini askari wa kike aliyefungua kibegi aliuliza hii nini. Nilipomwambia maziwa ya mtoto, alikifunga mwenyewe na kunitakia mwanangu akue.

Chake natafuta kwanza friza, chumba baadaye. Nyumba za wageni nyingi zina friza jikoni na ukiomba kwa adabu hawakatai, ila humo ndani mna nguru na pweza. Nabeba kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, mifuko ya maziwa inalala humo, juu nimeandika MAZIWA YA MTOTO. Mifuko usiijaze mpaka juu, yakiganda yanatanuka. Umeme ukikatika, mwambie mpishi asifungue mlango: friza iliyojaa isiyofunguliwa hushika baridi kama siku mbili, na iliyojaa nusu tu, kama siku moja. Siku ya kurudi maziwa yanatoka yakiwa mawe, yanaingia kibegini yakibanana, hakuna nafasi ya hewa kati yake. Yakiyeyuka yote njiani nayatia friji na mtoto anayamaliza ndani ya saa 24, hayagandishwi tena.

Watu wananiuliza kwa nini najisumbua hivi wakati kopo linauzwa kila duka. Shirika la Afya Duniani linataka miezi sita ya maziwa ya mama matupu na kuendelea mpaka miaka miwili au zaidi pamoja na chakula, na sisi tunayo aya ya 233 ya Suratul Baqara inayotaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Mimi nataka kutimiza. Na kopo linataka maji safi yaliyochemshwa na pesa kila mwezi. Hayo yananitosha.

Pampu hii simshauri mwenye pacha wala mwenye mtoto njiti anayekamua usiku na mchana wakati mtoto yuko spitali. Huyo mkono utamwishia nguvu, atafute ya umeme ya pande mbili, hata kwa kuazima, lakini faneli na vipande vyote vinavyogusa maziwa viwe vyake mwenyewe. Na asiyekuwa na 35,000 asisubiri. Osha mikono, dole gumba juu na vidole chini ya ziwa, nyuma kidogo ya weusi, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, achia, rudia ukizunguka. Bibi zetu walikamua hivyo, kikombe kisafi kinatosha.

Kuosha: maji ya moto na sabuni baada ya kila mkamuo, kuchemsha mara moja kwa siku, kukausha juu ya kitambaa safi. Kazini nabeba faneli mbili ili ya pili isingoje sinki.

Lile duka la Darajani nimewaomba walete vile vipande vyeupe vya silikoni peke yake, na mwenye duka amesema mzigo ujao ataviagiza. Kama umeviona vinauzwa popote Unguja, au Chake, andika hapo chini jina la mtaa na bei, tupo wengi tunaovitafuta.