Kozi ya Masomo ya Kiyahudi: nilifuata krediti nikapatana na saa tatu yetu (nyota 4 kati ya 5)

Nisiwadanganye, hii kozi niliichukua juu ya krediti tu. Nasoma uhasibu chuo fulani huku Marekani na lazima upitie yuniti moja ya dini ndio umalize, zingine zote zilikuwa za asubuhi na baridi, hii ilikuwa mchana. Nikajiambia mimi ni mtoto wa sande skuli, Musa namjua, Daudi namjua, hii ni A ya bure. Wueh.

Wiki ya kwanza tu nikapotea. Ile Agano la Kale ya mamangu ina vitabu 39, Wayahudi wanahesabu 24, na maneno ni yaleyale! Samweli ni kimoja, Wafalme kimoja, wale manabii wadogo 12 wamefungwa pamoja, halafu cha mwisho si Malaki, ni Mambo ya Nyakati.

Lakini utamu uko kwa Talmud, vile vitabu vya mijadala ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, kuhusu sheria yao. Ukurasa wenyewe ni kama kamati ya harusi, katikati kuna maandishi ya zamani, upande mmoja Rashi wa Ufaransa aliyekufa 1105 anafafanua, upande wa pili waliokuja baada yake wanamkosoa, na kila kitabu kinaanzia ukurasa wa 2, wa kwanza haupo. Husomi peke yako. Mnapangwa wawili wawili, mnasoma kwa sauti, na kazi ya mwenzako ni kukupinga. Wanaita chavruta. Mimi nimelelewa mwalimu akisema tunaandika, kwa hivyo wiki mbili hivi nilikuwa nakubali kila kitu, mpaka partner wangu akaniuliza kama niko sawa.

Sasa siku hiyo tunasoma mwisho wa kusali Shema, ile sala yao ya kila siku, asubuhi ni lini. Rabi Yehoshua anasema mpaka saa tatu, kwa sababu watoto wa wafalme huamka saa tatu. Darasa zima likaanza hesabu, saa tatu ni usiku wa manane ama vipi, lekchara akachora jua ubaoni, eti wanahesabu kuanzia jua likichomoza. Na mimi nimekaa tu nawaangalia. Jamani, saa tatu si ni saa tatu! Hata siku yao inaanza jua likizama, waulize wazee wa Pwani usiku wa Ijumaa ni upi, watakwambia ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Hiyo ndio siku ya kwanza niliinua mkono. (Pia saba yao ni sheva, tisa ni tesha, mia ni mea, elfu ni elef, hizi zetu tulizitoa kwa Waarabu na Kiarabu na Kiebrania ni ndugu, so msamiati haukunisumbua sana.)

Nusu ya pili, historia, ndio imenifanya nikate nyota. Kutoka Wayahudi kufukuzwa Uhispania 1492 mpaka Israeli kuundwa 1948 tulipita kwa wiki tatu, mbio mbio. Mimi ni wa Eldoret, so tulipofika ule "mpango wa Uganda" wa 1903, wa kuwapa Wayahudi ardhi huku Afrika Mashariki, nikashtuka, kumbe ardhi ambayo Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikuwa anawapa ni Uasin Gishu! Jina la Uganda ni kwa sababu mpaka 1902 huko kwetu kulihesabiwa Uganda. Herzl, kiongozi wa Wazayuni waliotaka Wayahudi wawe na nchi yao, akapeleka hiyo habari kwa mkutano wao Basel, Uswisi, kura 295 kwa 178 kwamba watumwe watu wakaangalie, wakaja, ripoti haikupendeza, 1905 wakakataa, 1908 Makaburu wakaja kukaa. Wanandi hakuna aliyewauliza, na silabasi pia haikuuliza. Nilipolalamika lekchara akanipa dakika 10 kipindi kilichofuata niongee, hiyo nampa heko. Abayudaya wa Mbale, wale Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu 1919, walipata slaidi moja na picha.

Kusoma ni kwingi, kama kurasa 80 kwa wiki, na asaimenti ya kila Alhamisi haisamehewi. Mtu wa kutafuta A ya bure apite mbali, mimi nimetoka na B+ na nimeitolea jasho. Kama ni mtu wa kupenda kubishana utafurahi, uwe na dini ama usiwe nayo, hakuna aliyejaribu kunigeuza.

Na kitabu cha kozi usinunue, mimi nilichomwa dola 90 nikakifungua mara nne. Maandishi tuliyosoma darasani yako kwa tovuti ya Sefaria bure, na simu inatosha.