Siku 14 za kutembea kwa miguu Guadeloupe, Dominica, Martinique na St Lucia: uzoefu wangu

Huu ni mzunguko wa visiwa vinne vya mashariki mwa Karibi, unaouzwa kama kifurushi kimoja: malazi, feri na waongozaji. Begi kubwa hubebwa na gari kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, wewe unatembea na la mgongoni tu. Naupa nyota nne kati ya tano. Waongozaji ni wazuri na malazi ni safi. Nyota ya tano wameikosa kwa mambo mawili: suala la viza halikuelezwa ipasavyo, na ratiba inapima siku kwa kilomita, kipimo ambacho huko hakikusaidii kitu.

Nianze na viza, maana safari inaweza kufia hapo. Guadeloupe na Martinique ni mikoa ya Ufaransa lakini haimo ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja. Viza ya kawaida ya Schengen haitoshi. Lazima iwe imeandikwa kwamba inatumika kwenye mikoa hiyo ya ng'ambo. Tena iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu unaingia Guadeloupe, unatoka kwenda Dominica ambayo ni nchi huru, kisha unaingia tena Ufaransa kwa mlango wa Martinique. Mwenye viza ya kuingia mara moja atakwama bandarini Roseau, mji mkuu wa Dominica. Na kama ndege yako inatua Charles de Gaulle huku ya Karibi ikiondokea Orly, utavuka Paris kwa barabara, kwa hiyo unahitaji viza ya Schengen pia. Anayetoka Afrika Mashariki asiache kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Sasa kilomita. Njia ya Boiling Lake, ziwa linalochemka kule Dominica, ni kama kilomita 13 kwenda na kurudi. Ukisoma hivyo unaona ni matembezi ya nusu siku. Tenga muda wa saa saba hadi nane. Kutoka Titou Gorge, njia inapoanzia, unapita msituni kwa mizizi na tope, halafu unaanza kuukwea mlima Morne Nicholls kwa ngazi za magogo, nyingine zinafika gotini. Ukifika juu unateremka korongo la udongo wa mfinyanzi hadi bonde la Valley of Desolation, unapanda tena, ndipo unafika ziwani. Wakati wa kurudi Morne Nicholls inakungoja upande wa pili, na ndipo watu wengi hushikwa na mkakamao wa misuli ya mapaja. Beba maji lita tatu, chumvi kidogo au karanga za chumvi, na uondoke saa moja asubuhi. Ndani ya msitu giza huingia kabla ya saa 12 jioni.

Bonde lenyewe linataka utulivu. Ardhi ni nyeupe na rangi ya chungwa, inatoa mvuke kwa mluzi, na vijito vinapita karibu karibu: kimoja rangi ya maziwa, kingine cheusi, kimoja baridi, cha jirani kinaunguza. Harufu ya kiberiti inakaba koo, na pete ya fedha hubadilika kuwa nyeusi, kwa hiyo iache kwenye begi kubwa. Kanyaga pale tu alipokanyaga mwongozaji, kwa sababu ganda la juu ni jembamba na chini yake kuna maji ya moto. Ziwa lina upana wa mita zipatazo 60 na katikati maji yanafurukuta kama sufuria ya ugali kabla ya kutia unga. Mara nyingi mvuke umelifunika. Kaa dakika kumi au ishirini, upepo utalifunua.

Viatu ndivyo vinavyoharibu safari za wengi. Buti zilizokaa kabatini miaka kadhaa huonekana nzima, lakini povu la soli limekwisha kuliwa na unyevu. Siku ya pili ya tope soli inabanduka yote. Zivae mwezi mzima kabla ya safari. Usitegemee buti zisizopitisha maji: maji huingia kwa juu na hayatoki. Bora kiatu kinachokauka haraka chenye meno marefu, na soksi jozi tatu.

Wenye vidonda miguuni wavifunike vizuri kabla ya kuvuka vijito. Leptospirosi, ile ambayo Tanzania huitwa homa ya mgunda, ipo visiwani huko. Nyoka wa sumu wa jamii ya kifutu wako Martinique na St Lucia. Dominica na Guadeloupe hawapo. Ufukweni, ukiona mti uliopakwa mstari mwekundu kwenye shina, usikae chini yake hata mvua inyeshe. Utomvu wake unababua ngozi, na tunda lake dogo la kijani ni sumu.

Njia za milima mingine ni fupi zaidi. Njia ya La Soufrière, volkano ya Guadeloupe (mita 1,467), inaanzia Bains Jaunes. Heshimu vizuizi vya kileleni, gesi si mchezo. Mlima Pelée wa Martinique, uliolipuka na kuangamiza mji wa Saint-Pierre tarehe 8 Mei 1902, hauna kivuli. Wahi kabla mawingu hayajafunga. Gros Piton ya St Lucia ni ngazi za mawe, na nusu ya pili ndiyo kali.

Chakula hakitakusumbua: shelisheli la kuchoma, magimbi, ndizi mbichi za kuchemsha, na supu ya majani ya magimbi iitwayo kalalu.

Nenda kati ya Februari na Aprili. Feri hazisafiri kila siku na bahari kati ya visiwa huchafuka. Kaa nyuma, chini. Kampuni imeweka Boiling Lake kesho yake baada ya kuvuka kutoka Guadeloupe. Waombe waisogeze mbele siku moja, hata kwa kupunguza usiku mmoja wa ufukweni Martinique, kwa sababu aliyetapika njia nzima anaanza kupanda Morne Nicholls akiwa amekwisha kupungukiwa maji mwilini.