Saratani: hospitali au dawa za miti?

Kwa mgonjwa wa Kigoma, dawa za miti zipo karibu, na mganga hupokea malipo kidogo kidogo. Tiba ya mionzi ni mpaka usafiri hadi hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli na malazi ya wiki kadhaa huumiza kweli. Ila kwa kuponya, hospitali haina mshindani. Hata vinkristini, dawa ya saratani ya hospitali, hutoka kwenye mmea, lakini dozi yake hupimwa kwa miligramu. Kikombe cha mizizi iliyochemshwa hakipimiki, na kinaweza kudhuru ini au kugongana na kemotherapi, yaani dawa za hospitali za kuua seli za saratani. Ujerumani, baadhi ya madaktari huongeza dawa ya mimea juu ya tiba, si badala yake.

Uvimbe ungali mdogo? Wahi hospitali, tafadhali. Ukishasambaa, pengine kubaki nyumbani na ndugu ni sawa, mradi morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, ipatikane kila baada ya saa 4. Na daktari aambiwe kila kinachonywewa.