Mama yangu si mchuuzi, na hata angekuwa

Hoteli tuliyolala Bagamoyo naanza kuipa nyota moja, tutaona mbele. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikidhani litapoa, na halijapoa. Kila nikienda Mvumi, huku Dodoma, nikamkuta mama kibarazani anachambua mlenda, naukumbuka mgongo wake siku ile ufukweni Bagamoyo: ameshageuka, anarudi alikotoka, ndala mkono huu, kikapu mkono huu, wala hajaniita.

Mama alitolewa mtoto wa jicho pale pale hospitali ya Mvumi, macho yote mawili. Bandeji ilipofunguliwa nikamuuliza anataka kuona nini kwanza, nikitegemea aniambie wajukuu. Akasema anataka kuiona bahari. Ana miaka sabini na kitu, amezaliwa Ugogo, maji makubwa aliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Mtera, tena alikwenda kununua perege. Nikaweka hela ya kikoba mzunguko mzima. Msimu wa zabibu ulipofika tukapanda treni ya mchongoko asubuhi hapa Dodoma, boksi mbili za zabibu miguuni mwetu kwa sababu mama haendi ugenini mikono mitupu, hata kama huko aendako hamjui mtu. Kwenye mahandaki ya Kilosa giza lilipoingia akanishika mkono, akidhani macho yamerudi yalivyokuwa. Dar hatukulala. Stendi ya Makumbusho tukapata Coaster, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, jioni tuko Bagamoyo.

Hoteli niliichagua mwenyewe, ya ufukweni, nje kidogo ya mji. Jina silitaji. Ninaogopa lawama zote zitamshukia mlinzi mmoja wakati yeye alifundishwa na mtu. Vyumba visafi, kitanda kizuri, hayo mengine mtayaona kwenye picha zao.

Asubuhi mama aliamka kabla yangu. Nikamkuta kasimama kwenye ngazi, ameduwaa. Jana jioni maji yalikuwa yanagonga karibu na pale, sasa yalikuwa mbali, mchanga mtupu umelala umelowa, na ngalawa zimekaa kiubavu. Akaniuliza, "Yameenda wapi?" Hakuuliza kwa mzaha, aliogopa. Kwetu maji yakiondoka hayarudi mpaka mwaka mwingine. Kuna mzee mmoja mvuvi alikuwa anapita na nyavu begani, akasimama, akamwamkia vizuri, akamweleza kupwa na kujaa: mara mbili kwa siku, na mwezi ukiwa mchanga au mpevu kunakuwa na bamvua, maji yanakwenda mbali zaidi na yanarudi juu zaidi. Akamwambia asiwe na wasiwasi, jioni yatakuwa yamesharudi. Mama akauliza ng'ambo iko wapi. Mtera ng'ambo unaiona. Mzee akanyoosha kidole, akasema huko ni Unguja, lakini haionekani kwa macho haya. Mama akasema, "Haya yangu ni mapya." Mzee alicheka, mama naye akacheka, na mimi nikasema moyoni kwamba hela yangu imeshalipwa yote.

Tukaenda na huyo mzee kwa miguu mpaka soko la samaki, tukifuata ule mchanga mbichi. Hapa ndipo ningependa kukaa kwa muda mrefu, kwa sababu soko lile halina kosa. Mashua zinaingia, vijana wanabeba matenga kwenye maji ya kiunoni, samaki wanamwagwa chini, na dalali anaanza kuita bei kwa haraka mpaka mama akadhani watu wanagombana. Changu, kolekole, tasi, kibua, pweza wamening'inizwa, taa mmoja mkubwa kama ungo. Kusi lilikuwa bado linavuma, wakasema siku hizo samaki si wengi, lakini kwa mtu aliyezoea dagaa wakavu na perege wa barafu, ule ulikuwa wingi wa kushangaza. Watu wenye baiskeli na bodaboda wananunua kwa jumla, sisi wa fungu moja tunasubiri pembeni. Hakuna aliyetusukuma. Dalali mwenyewe alipomwona mama amesogea aone, alisimamisha mnada akasema, "Mpisheni bibi apite." Kwa sauti ile ile ya kuitia bei.

Palikuwa na mama mmoja anakaanga samaki kwenye karai kubwa, kuni, moshi, ndimu na pilipili pembeni. Mama akampa boksi zima la zabibu. Akazipokea kwa mikono miwili, akawaita wenzake wote waje kuonja, maana zabibu wanazozijua ni za dukani. Akakataa kuchukua hela ya chai na mihogo. Walikaa wanaongea hao wawili kama dada walioachana zamani. Mama akamweleza habari za jicho, yule akamweleza habari za mumewe aliyekwenda na maji. Tukanunua changu watatu kwa shilingi 15,000, akawapaa magamba mwenyewe, akawatoa matumbo, akawaosha kwa maji ya bahari, akatuwekea kwenye kikapu chake cha ukili. Akasema kikapu kitarudi kesho.

Sasa njoo kwenye hoteli.

Mimi nilibaki nyuma kununua ndimu. Mama akatangulia, njia ni moja, pwani, huwezi kupotea. Kwenye mpaka wa hoteli wamechomeka miti miwili na kamba, na mlinzi anakaa hapo kwenye kiti cha plastiki. Kijana, hajafika hata miaka thelathini. Mimi nilikuwa hatua kama hamsini hivi, upepo unaleta kila neno. Hakuamkia. Hakuinuka kwenye kiti. Alisema, "We mama, wachuuzi mwisho hapo kwenye kamba. Zunguka na samaki wako."

Na mama yangu akasema, "Samahani mwanangu." Akageuka.

Hapo ndipo pananiuma, wala si penginepo. Hakubishana, hakusema nimelala humu, hakusema binti yangu amelipa. Aliomba radhi kwa kosa la kubeba samaki kando ya bahari, akageuza njia kwenye mchanga ulioanza kupata moto, na angezunguka kweli, mpaka barabarani, kwa miguu ile. Nilimkimbilia nikamshika mkono, nikarudi naye mpaka kwenye kamba. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilitoa funguo ya chumba yenye kile kibao cha namba, na nikaona uso wa yule kijana unabadilika palepale. Akasimama. "Aa, samahani madam, kumbe ni wageni wetu. Mama hakusema." Shikamoo ikapatikana sasa, baada ya funguo.

Nikamuuliza: na kama angekuwa mchuuzi? Akanyamaza. Nilirudia. Kama angekuwa ni yule mama wa karai, aliyetulisha asubuhi bila kutujua, angepaswa kuambiwa "we mama, zunguka"? Bahari ile imemlelea watoto wake. Na wakati tunazungumza hayo, wageni wawili wa Kizungu walipita hapo hapo, wakavuka kamba, mlinzi akawapungia mkono. Hakuwauliza funguo.

Kuna watu wataniambia ni taratibu za usalama. Sawa. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ili ufukwe ulindwe. Kamba ile na miti ile vilikuwa kwenye mchanga ambao jioni iliyotangulia niliona maji yamesimama juu yake. Mtu anaweka mlinzi mahali ambapo bahari yenyewe inalala!

Siku iliyofuata tulitembezwa mjini. Magofu ya Kaole na Misheni ya Wakatoliki vimeandikwa kila mahali, sirudii. Ila pale Misheni kijana anayetembeza wageni alituonyesha mnara ambako mwili wa mmisionari Livingstone uliwekwa mwaka 1874 kabla ya kupelekwa Unguja na Uingereza. Akasema alifia huko ambako leo ni Zambia, na watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, wakambeba kwa miguu miezi mingi mpaka Bagamoyo. Mama akauliza jambo moja tu: "Hao waliombeba, walipofika walipewa pa kulala?" Kijana hakuwa na jibu la haraka, na alimwambia ukweli kwamba atamuuliza mkubwa wake. Nilimpenda kwa hilo.

Sisi Wagogo na mji huu tunajuana tangu zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwetu, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, si rushwa. Vitabu vya wasafiri vimetusema vibaya sana kwa hongo hiyo. Lakini nchi yetu ni kame, kisima kimechimbwa kwa jembe na mikono, na msafara wa mamia ya watu na punda wakikinywa kimekwisha. Mtu alilipia maji ya mtu. Pale ufukweni maji ni ya chumvi, hakuna aliyeyachimba, na bibi anazuiwa kupita pembeni yake.

Nirudi siku ya tukio, maana sijamaliza, na hapa ndipo nyota zangu zinapoyumba. Meneja alikuja. Akasema wanasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Uliojitokeza! Kama mvua. Nikamwambia haukujitokeza, umefanywa, na aliyeufanya ameketi pale. Akaleta juisi mbili za ukwaju. Mimi sikuigusa. Mama akainywa yote, akashukuru, akasema ni nzuri. Mama hakatai kilicholetwa mezani, na labda yuko sahihi kuliko mimi, sijui.

Nikaomba samaki wapikwe. Mapokezi wakasema chakula cha nje hakiruhusiwi, samaki watanuka, wageni watalalamika. Samaki, kwenye hoteli iliyoko mita chache kutoka baharini! Nilikuwa naelekea kufunga mabegi. Ndipo akatoka mpishi, kijana mwembamba mwenye aproni, nadhani alisikia kelele zangu kupitia dirishani. Akaja moja kwa moja kwa mama, akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama. Nipe hao samaki." Nusu saa baadaye changu watatu wako mezani, wawili wamechomwa, mmoja kapikwa na tui la nazi kwa sababu mama alisema hajawahi kuonja. Akasimama mpaka mama akameza tonge la kwanza. Kwa ajili ya kijana huyo nilipandisha nyota mpaka nne, nakiri, na jioni hiyo nilikuwa tayari hata kusamehe kamba. Nikafikiri labda mlinzi ameamka vibaya, labda juzi mgeni aliibiwa simu, yeye akakatwa mshahara, nani ajuaye.

Asubuhi ya kuondoka wakanipa bili. Mstari wa chini: kupikiwa, shilingi 10,000. Nikauliza. Dada wa mapokezi akasema ni bei ya kawaida ya jiko. Nikamwita mpishi, mapokezi wakasema hayupo zamu. Nililipa. Sikutaka mama aone nabishana mara ya pili, na kiasi si kikubwa. Lakini mpishi alitoa kwa mkono wake, wao wakaja kukiuza kitu alichokwisha kukitoa.

Kwa hiyo nyota za hoteli nimeandika nne, nikafuta, nikaandika mbili, nikafuta. Moja, nayo ni ya mpishi, asigawiwe mtu mwingine.

Bagamoyo yenyewe nendeni. Nendeni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mkae sokoni, mle kwenye karai, mbebe kitu cha kwenu mkononi. Kikapu tulikirudisha siku ile ya kuondoka, yule mama akatuambia mara nyingine tusihangaike na hoteli, ana chumba, godoro lipo, na neti ipo. Mama ameshaanza kuniuliza zabibu zitaiva lini tena.

Meneja alichukua namba yangu ya simu, akaniahidi mlinzi ataongea na mama mwenyewe, wao wawili, amwombe radhi. Mama nilimwambia. Kila nikimpigia ananiuliza kama yule kijana amepiga, kwa sababu anataka kumwambia hana kinyongo naye. Mpaka leo hajapiga.